Samli Ambayo Dada Hakuila

Watu wa Iringa waliosema dada yangu alikula samli ya mumewe mpaka ikamwingia damuni, wengi wao wamekwisha kufa. Mimi bado nipo. Basi nitasema mimi, na mwenye kuudhika na audhike.

Dada yangu alikufa mwaka huohuo ninaotaka kuusimulia, katika ile miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nalisema hilo mapema ili mtu asikae akingoja apone. Hakupona. Uhai wake haukuwa mikononi mwetu. Kilichokuwa mikononi mwetu ni jina lake: afe mke wa mtu, au afe mwizi aliyerudishwa kwao.

Sisi ni wa Mbeya. Babu mzaa baba alikuja na biashara kutoka pwani akaoa hukohuko alikofika, na baba naye akaoa Mnyakyusa, ndiye mama yetu. Nyumbani tuliswali kama watu wa baba, tukagombana kwa Kiswahili, na tulipotaka kusengenya tukasema Kinyakyusa. Dada alinipita miaka saba. Aliolewa Iringa na mfanyabiashara wa samli, mtu mpole, mrefu, mwenye sauti ndogo. Mama yake alikufa mapema, na shemeji akalelewa na dada yake mkubwa, ambaye baadaye alifiwa na mume akaja kukaa naye nyumba moja. Dada yangu alimwita mama huyo wifi, na mimi nilipofika nikafuata, nikamwita wifi vilevile.

Nilikwenda Iringa nikiwa na miaka kumi na tisa, nimekwisha kuolewa na kuachika. Barua ilisema dada hajisikii vizuri, niende nikamsaidie kazi. Aliponipokea kwenye basi nilicheka kwa furaha. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, bangili zimembana. Nikamwambia, "Dada, umenawiri. Iringa imekukubali."

Akanitazama tu. Tulipofika nyumbani akakaa kitandani, akavua kiatu, akaninyooshea mguu.

"Bonyeza."

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki palepale, kama mtu amebonyeza donge la unga wa chapati.

"Huku ndiko kunawiri?" akaniuliza.

Niliona haya. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumtukana bila kujua, na ndiyo maana siwalaumu wengine kwa kosa la macho. Nawalaumu kwa yaliyofuata.

Samli ya Usangu wakati ule ililetwa kwa vibuyu. Wafugaji waliileta mbichi, ina maziwa ndani yake, ina maji, ina nywele za ng'ombe, na shemeji aliinunua hivyohivyo. Kazi ya dada ilikuwa kuichemsha upya uani katika sufuria kubwa, kuengua povu, kungoja maji yakauke mpaka ikome kuruka, kisha kuichuja kwa kitambaa cha marekani na kuimimina kwenye madebe. Kila anayeijua kazi hiyo anajua kwamba vibuyu vingi hutoa samli kidogo. Wifi hakuijua. Yeye alikuwa mtu wa mkekani, sebuleni, na tasbihi yake. Aliona vibuyu vikiingia vimejaa na madebe yakitoka hayajajaa, na hapo katikati alimwona mke wa ndugu yake akizidi kufura. Aliweka moyoni.

Uvimbe ulipopanda mpaka machoni, ikawa asubuhi dada anaamka hawezi kufumbua kope. Shemeji alikuwa Usangu kwenye manunuzi. Tukapanda lori kwenda hospitali ya misheni, watatu, dada na mimi na wifi, maana wifi alisema mke wa ndugu yake haendi kuguswa na wanaume wa kigeni bila mtu mzima.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Mpimaji alikuwa Mhehe mtu mzima, mtulivu, aliyetusalimia "kamwene" kabla ya kugusa chochote. Alichukua mkojo wa dada, akauchemsha kwenye kichupa juu ya taa ya spiriti, na ule mkojo ukaganda mweupe kama ute wa yai. Akakunja uso. Kisha akamtoa damu mkononi, akaisimamisha kwenye kichupa kingine, tukangoja. Damu ya mtu ikisimama, nyekundu hukaa chini na juu hubaki maji ya manjano. Juu ya damu ya dada hapakuwa na manjano. Palikuwa peupe, pazito, kama maziwa.

Daktari wa Kizungu alikuja, akatazama, akasema kwa lugha yao. Sista ndiye aliyetutafsiria. Alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili cha kanisani, kizuri kwa sala lakini hakina maneno ya tumboni.

"Damu ya mama huyu ina mafuta mengi," akasema.

Wifi akadaka hapohapo. "Mafuta gani?"

Sista akafikiri, akatafuta mfano wa kutusaidia. "Mafuta. Kama yale ya kupikia. Kama samli."

Loh. Katika mifano yote iliyoko duniani.

Neno figo nalo lilisemwa, nililisikia kwa masikio yangu. Daktari alisema figo zimechoka, apunguze chumvi, apumzishe mwili, arudi baada ya mwezi. Lakini nani alilibeba neno figo kurudi nalo mjini? Wifi alibeba samli. Ndani ya lori alizungusha tasbihi tu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani anamwombea dada. Kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umeambiwa kwamba damu imepimwa na Wazungu, na Wazungu wenyewe wameiona samli ndani.

Basi ikawa vita. Nikienda kisimani wanawake wananyamaza. Nikigeuka namsikia mmoja nyuma yangu, "Wenzetu wananona." Kunona ni neno la mnyama. Mbuzi hunona, beberu hunona. Mtu hunenepa. Walilitumia neno lile makusudi, na akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini mimi nilimgeukia yule mama nikampa vidonge vyake. Nikamwambia dada yangu anavimba, na mdomo wake yeye ndio ulionona, na siku ukipasuka asiniite nikausafishe. Akaenda kushtaki kwa wifi. Wifi akasema, "Mnaona? Mwizi na wakili wake."

Shemeji aliporudi, wifi alimweka chini sebuleni kabla hajanawa miguu. Dada aliitwa, na mimi nikaingia bila kuitwa. Wifi alieleza yote kwa utaratibu, vibuyu, madebe, kichupa. Kisha akauchukua msahafu juu ya rafu, akauweka mbele ya dada.

"Aape," akasema. "Aape hakuionja, na mimi nitanyamaza maisha yangu yote."

Dada alikuwa amekaa na miguu imenyooshwa, maana haikukunjika tena. Aliutazama msahafu, akausogeza pembeni taratibu, kwa heshima.

"Siapi."

"Kwa nini, kama huna jambo?"

"Kwa sababu Mwenyezi Mungu si shahidi wa samli," dada akasema. "Nimeonja, wifi. Kila mpishi huonja. Kuapa kwamba sijaionja ni kuapa uongo, na kuapa kwamba sikuiba ni kukubali kwamba unastahili kuniuliza."

Nilitaka kupiga makofi. Shemeji alikuna kichwa, akatazama mlango, akatazama dada yake, akatazama mkeka. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Labda uende Mbeya ukapumzike kidogo."

Asiyetujua sisi anaweza kudhani hayo ni maneno ya huruma. Mimi niliyajua. Mwanamume wa kwetu asiyetaka kutamka talaka mbele ya uso wa mkewe humwambia nenda kwenu ukapumzike. Unafunga kanga zako, unapanda basi, unapokewa, na baada ya wiki mbili tatu karatasi inakufuata kwa mkono wa dereva. Mimi yangu ilinifuata nikiwa natwanga mahindi. Nilijua mpaka harufu yake. Na kwa dada ingekuwa karatasi juu ya wizi, juu ya ugonjwa, na Mbeya nzima ingeuliza alifanya nini huko Iringa, na jibu lingekuwa limefika kabla yake.

Nikafungua mdomo. Dada akaniinulia mkono, nikaufunga.

"Sipumziki," akamwambia mumewe. "Daktari alisema nirudi baada ya mwezi. Mwezi huo wote, wifi anipikie yeye. Ufunguo wa stoo akae nao yeye. Nisiguse samli, nisiguse nyama, nisiguse maziwa wala karanga, nile anachoniwekea. Siku ya kurudi hospitali twende wote wanne, waitazame damu yangu tena. Ikiwa safi, basi samli nilikuwa naila na nimeacha, uniandikie karatasi yako palepale. Ikiwa na mafuta, mtamtafuta mwizi mwingine."

Wifi akasema, "Nimekubali," haraka haraka, kama mtu anayeogopa mwenzake atabadili mawazo.

"Na siku hiyo," dada akaongeza, "wewe pia utatoa damu."

"Mimi? Mimi ninaumwa nini?"

"Huumwi. Unakula samli."

Mkuki kwa nguruwe. Wifi alifura, lakini shemeji alikuwa amekwisha kuitikia kwa kichwa, na nadhani ile ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akitangulia kuitikia kabla ya dada yake.

Nina mjukuu muuguzi. Juzi juzi alikuwa ananieleza, kwa upole wanaotumia na wazee, kwamba mgonjwa wa figo damu yake mara nyingi hujaa mafuta hata kama anakula ugali mkavu. Figo ni chujio, bibi, akaniambia. Chujio likitoboka, ile protini nzuri inamwagika na mkojo, na ini linashtuka, linaanza kutengeneza vitu kwa pupa ili kuziba pengo, na mafuta yanatengenezwa pamoja navyo. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, mimi nililijua hilo kabla mama yako hajazaliwa, na nililipia. Akadhani natania.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Wifi alipika kwa haki, sitamsingizia. Ugali, mchicha wa kuchemsha, maharage bila chumvi wala tone la mafuta, asubuhi chai ya rangi na kiazi. Sahani aliipeleka mwenyewe mkononi na alisimama mpaka iishe. Sisi wengine tulikula kama kawaida, chapati zinang'aa samli, na dada alikaa nasi mkeka mmoja, akala maharage yake akizungumza habari za mvua. Harufu ilimfikia kama ilivyotufikia sisi. Hakuwahi kutazama sahani ya mtu.

Kuchemsha samli sasa ilikuwa kazi yangu, na wifi alikaa uani na kigoda kunilinda. Ndipo alipoona. Vibuyu vitano viliingia kwenye sufuria, povu likaenguliwa, maji yakaruka na kukauka, mashapo ya kahawia yakabaki chini, na nilipochuja, samli haikufika hata shingoni mwa debe. Nilimwona akilichungulia lile debe. Akachungulia sufuria, akachungulia hata kitambaa.

"Inapungua," akasema.

"Inapungua tangu dunia iumbwe."

Angekuwa mtu mwingine, mambo yangeishia pale. Lakini wifi alikuwa amekwisha kulisema mtaani, na neno likishatoka nje huwezi kulirudisha kwa kulichungulia. Akanyanyuka, akafuta kanga yake. "Samli imepungua jikoni, sawa. Damuni iliingiaje?"

Swali hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Nilijua dada hakula, na sikujua yale mafuta yametoka wapi, na mpaka leo nikikumbuka nilivyosimama pale na mwiko mkononi bila jibu, nasikia joto la hasira masikioni.

Dada alizidi kuvimba na huku anakonda, sijui nieleze vipi. Miguu ilijaa, mabega yakabaki mifupa. Juma la tatu alianza kutetemeka akisimama. Nilikwenda sokoni nikanunua yai la kuchemsha, nikalificha kwenye kanga, nikamletea wifi alipokuwa kwenye swala ya adhuhuri. Nilikwisha kulimenya.

"Hili halina samli," nikamwambia kwa Kinyakyusa. "Kula, upate nguvu."

Dada alilitazama lile yai muda mrefu. Njaa ilikuwepo, niliiona ikipita usoni mwake. Kisha akalisukuma.

"Likinitia mafuta nitajuaje kama ni yai au ni ugonjwa?" akasema. "Mimi kufa nitakufa, hilo nimelisikia mwenyewe humu mwilini. Usinizike mwizi. Lile wewe."

Nikalila mbele yake, maana nilikuwa natii, huku machozi yananitoka. Ni yai baya kuliko yote niliyopata kula.

Siku ilipofika tulipanda lori wote wanne. Wifi alikuwa amekula chapati za samli jioni iliyotangulia, tatu, nilizihesabu, na asubuhi hakuna aliyekula kitu. Mpimaji alitusalimia, akasikiliza maelezo ya dada mpaka mwisho. Nilidhani atatufukuza. Alisema, "Kupima pamoja na mtu mwenye afya ni vizuri, unapata kulinganisha," akamwita wifi kwanza. Wifi alifumba macho wakati wa sindano na kusoma dua kwa sauti. Akanitoa damu na mimi. Kisha akamtoa dada, na kwa dada alipata taabu kuupata mshipa.

Safari hii hatukungoja damu isimame yenyewe. Alikuwa na mashine ndogo iliyobanwa kwenye ukingo wa meza, yenye mkono wa kuzungusha kama kinu cha nyama. Akaweka vichupa, akaanza kuzungusha, na mashine ikaanza kulia. Shemeji alisimama mlangoni amevua kofia. Wifi alibana pamba pale alipochomwa sindano. Dada alikaa kwenye benchi na macho yake kwenye mashine, na mimi nilisimama nyuma yake, mikono yangu mabegani kwake. Nami niliomba. Niliomba kwa moyo wangu wote, kwa Kiarabu cha baba na Kinyakyusa cha mama.

Mpimaji akaacha kuzungusha, mashine ikatulia. Akatoa vichupa kimoja kimoja akavisimamisha dirishani.

"Hii ya dada mdogo." Nyekundu chini, juu manjano safi.

"Hii ya mama mkubwa." Nyekundu chini, juu manjano, ungeweza kuona kidole upande wa pili.

"Hii ya mgonjwa."

Nyeupe. Nyeupe kuliko mara ya kwanza, inang'ang'ania kioo alipoitikisa.

Wifi akasogea dirishani, akainamia kichupa chake, akakiangalia cha dada, akarudi kwenye chake. "Lakini mimi nimekula jana," akasema, si kwetu, kwake mwenyewe. Kisha akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, na kanga yake nzuri.

Dada alicheka. Wallahi alicheka, kicheko kikubwa cha Mbeya ambacho sikuwa nimekisikia tangu nifike, mpaka daktari akatoka chumba cha pili kuuliza kuna nini. Na mimi nikacheka naye. Tulicheka kama watu walioshinda mpira.

Sista alikuja na daktari, na safari hii alikuwa na maneno. Alisema mafuta yale hayatoki mdomoni. Mwili wa dada unayatengeneza wenyewe kwa sababu ya ugonjwa wa figo, na asingekula kitu kabisa yangekuwepo. Nikamuuliza, sista, hayo mbona hukuyasema mwezi uliopita? Akawa mwekundu mpaka shingoni. "Sikuwa na neno," akasema. Nilikuwa na la kumjibu, nikalimeza, kwa kuwa daktari alikuwa anaendelea kusema na uso wake haukuwa wa mtu anayetoa habari za ushindi. Mafuta kuongezeka baada ya mwezi wa chakula kile maana yake ugonjwa umeendelea. Dawa ya kurudisha figo hawakuwa nayo, wala hakujua mahali pa karibu penye nayo. Alisema miezi. Sista alilitafsiri neno hilo vizuri, halikuhitaji mfano.

Nje, chini ya ukuta wa hospitali, wifi alimshika dada mikono yote miwili akamwomba radhi. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, hata mimi niliyemchukia nilikiona.

"Nimekusamehe, wifi," dada akasema. "Na mtaani utakwenda kusema mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kama ulivyolisema la kwanza. Lakini chakula chako sitakila tena."

Shemeji akafungua mlango wa mbele wa lori, mahali pa dereva na mgeni wa heshima. "Panda, mama. Twende nyumbani."

"Nyumbani ni Mbeya," dada akasema.

Akamtazama bila kuelewa. Mimi pia sikuelewa. Mwezi mzima wa maharage makavu alikuwa amepigania kubaki.

"Unataka kupumzika?" shemeji akauliza, na hapo akalisikia neno lake mwenyewe, akainamisha kichwa.

"Sipumziki. Naondoka. Jana ningeondolewa, leo naondoka." Alishika ukingo wa mlango ili asianguke, lakini sauti haikutetemeka. "Wala usiniandikie karatasi. Nitakufa mke wako. Na wewe utakuja Mbeya kunizika, na kanzu yako, mbele ya ndugu zangu wote, na utaingia kaburini kunipokea kwa mikono yako. Ukinizika hivyo, hakuna mtu Mbeya wala Iringa atakayeniita mwizi tena."

Shemeji alisema, "Nitakuja." Alikuja. Hilo namhesabia mpaka leo. Aliitwa mapema dada alipozidiwa, akaja kwa basi siku mbili, akaingia kaburini, udongo mwekundu ukaishika kanzu yake mpaka magotini, na wazee wetu walimwona.

Lakini hayo yalikuwa bado. Wiki ile tulipanda basi la Mbeya, dada dirishani, miguu yake juu ya fungu la kanga zetu. Hakukuwa na aliyetusindikiza ila shemeji na wifi, na wifi alikuwa ametoka kwenye nyumba ya sita au ya saba ya mtaa wetu kulisema la pili, sauti imemkauka. Tulipita Sao Hill kwenye ukungu na ile baridi yake. Dada alikuwa ameegemea kioo, nikadhani amelala.

"Wakati yule baba anazungusha mashine," akasema kwa Kinyakyusa, macho yake bado nje, "nilikusikia unaomba. Uliomba nini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema niliomba apone, na nani angenikatalia? Lakini mwezi ule wote hakukuwa na uongo uliopita mdomoni mwake, hata mdogo, hata wa yai. Nikamwambia kweli.

"Niliomba iwe nyeupe."

Nikaona nimemuua kabla ya siku yake. Kisha akatafuta mkono wangu bila kugeuka.

"Na mimi," akasema.

Akaniegemea begani, mzito kwa maji yale, akalala mpaka Chimala.